Mkojo wa Usiku na Nguvu za Kiume

Ploti nyingi za Kayole na Dandora, Nairobi, zina choo kimoja cha wapangaji wote, huko mwisho wa korido. Mzee wa miaka 55 anayeamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo hawezi kuwaficha majirani. Anachoficha ni kwamba uume nao hausimami kama zamani. La kwanza husema ni uzee, akalivumilia. La pili hulipeleka kwa wauza dawa wanaobandika matangazo kwenye nguzo za stima. Daktari halisikii hata moja.

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa wanaume zaidi ya 12,000 wa miaka 50 hadi 80, Marekani na nchi sita za Ulaya. Kadiri shida ya mkojo ilivyozidi, ndivyo na nguvu za kiume zilivyopungua, hata baada ya kuzingatia umri, kisukari, presha na ugonjwa wa moyo.

Kwa nini? Uume husimama pale misuli laini iliyo ndani yake inapolegea, damu ikaingia na kujaa. Misuli ya aina hiyo hiyo imo katika tezi dume na shingo ya kibofu, nayo sharti ilegee ili mkojo upite vizuri. Ishara ya kulegea hupelekwa na nitriki oksidi, inayotengenezwa na neva pamoja na utando wa ndani wa mishipa ya damu. Kisukari, presha na sigara huuharibu utando huo, na madhara huonekana kote kuwili.

Ndiyo maana tadalafil, dawa ya kusimamisha uume, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kutibu pia shida za mkojo zitokanazo na tezi dume iliyokua. Lakini usijinunulie kwenye chemisti: ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati, presha huweza kushuka hadi kuua. Finasteride nayo, inayopunguza ukubwa wa tezi, huwapunguzia baadhi ya wanaume hamu, nao huiacha kimya kimya.

Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huweza kuonyesha ugonjwa wa mishipa ya damu miaka kadhaa kabla ya moyo. Ukifika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au zahanati ya mtaani kwako, taja yote mawili kwa pamoja, na uombe upimwe sukari na presha. Mkojo ukikataa kutoka kabisa, au ukitoka na damu, nenda siku hiyo hiyo.