Wimbo Hauhitaji Chombo Kikubwa

Ukulele ni chombo kidogo chenye nyuzi 4 tu. Hata hivyo Jake Shimabukuro wa Hawaii alipiga kwa ukulele wimbo wa roki wa George Harrison wa kundi la Beatles, uliotoka mwaka 1968 kwa gitaa za umeme na ngoma. Wasikilizaji waliutambua mara moja, kwa sababu tuni ilibaki ileile.

Kwetu Kamango jambo hili si mchezo. Mwezi wa Julai 2013, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Bundibugyo, Uganda. Anayekimbia vita hubeba mtoto, habebi spika wala piano. Je, sifa zingoje mpaka vyombo vinunuliwe tena? Zaburi 150 inataja baragumu, kinubi, matari na filimbi. Haichagui kimoja na kukataa vingine.

Kwa hiyo tunawashauri viongozi wa kwaya: chagueni tuni inayojulikana, tafuteni sauti inayowafaa waimbaji, kisha likembe au gitaa la mbao lianzishe wimbo na kushika mdundo. Maneno tuyaimbe sote. Wimbo ambao kusanyiko linaujua kwa moyo hauchomwi wala hauporwi.