Mwandishi wa Vitabu Akija Shuleni: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Muulize mtoto wa darasa la tatu, iwe Ipinda, Mwaya au Matema, kitabu kinatoka wapi. Huenda atakujibu kwamba kinatoka kwa mwalimu, au serikalini, au Dar es Salaam. Ni wachache watakaokuambia kwamba kuna mtu aliyekaa chini akakitunga, na mwingine akachora picha zake. Kwa watoto wetu kitabu ni kitu kinacholetwa, kama chaki na madawati.

Hapo ndipo ziara ya mwandishi au mchoraji wa vitabu vya watoto inapokuwa na maana. Mtoto anamwona mtu wa kawaida aliyeshika kitabu chenye jina lake juu. Tangu siku hiyo anajua kwamba kitabu ni kazi ya mikono ya watu, na kwamba hata yeye anaweza kukitengeneza.

Tulikotoka

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto vilikuwa haba sana nchini. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi uliendesha warsha za waandishi na wachoraji, ukanunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzigawa shuleni. Kwa njia hiyo mchapishaji hakuogopa sana hasara.

Baadaye ilionekana kwamba kugawa vitabu peke yake hakutoshi. Walimu nao walihitaji kufundishwa namna ya kuvitumia, na wanafunzi kuhimizwa kusoma na hata kutunga wenyewe. Hilo ni fundisho kwetu sote tunaoendesha miradi.

Leo tunao watu wa kujivunia. Elieshi Lema ni mwandishi na mchapishaji aliyewaandikia watu wazima na watoto pia. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ni mchoraji wa mtindo wa Tingatinga. Hutembelea vijiji na kusikiliza hadithi za wazee, kisha huziandika na kuzichora. Kitabu chake cha samaki wabichi, kilichotoka Uswisi mwaka 2001 kwa lugha ya Kijerumani, kinamhusu sokwe mvuvi na mbwa mwizi. Mtoto wa ufukweni hahitaji kuelezwa wizi wa samaki ni nini!

Ziara nzuri inavyokwenda

Mgeni hakuja kutoa hotuba. Hukaa na darasa moja au mawili, si shule nzima uwanjani, na kazi hufanyika hivi:

1. Husoma kwa sauti. Watoto husikiliza, hukatiza, huuliza na kukisia mwisho wa hadithi.

2. Huonyesha rasimu zake. Mtoto aliyezoea daftari lenye alama nyekundu anashangaa kuona kwamba hata mtu mzima hukosolewa, hufuta na kuandika upya mara nyingi. Kusahihishwa kunakoma kuwa aibu.

3. Huchora mbele yao. Watoto wetu wamezoea kunakili picha ya ubaoni: nyumba ya bati, gari na bendera. Mchoraji huwaambia wachore wanachokiona: mtumbwi, mikakao, jaruba la mpunga, vyungu vya akina mama wa Kikisi, Milima ya Livingstone nyuma ya Matema. Rangi zikikosekana, mkaa unatosha.

4. Hutengeneza kitabu pamoja nao. Karatasi moja kubwa ya manila ikikunjwa mara tatu na kukatwa kingo, hupatikana majani 8, yaani kurasa 16. Kiwandani nako kurasa nyingi huchapwa kwenye karatasi moja kubwa kisha ikakunjwa, ndiyo maana vitabu vingi vya watoto vina kurasa 16, 24 au 32.

Katika kutunga, watoto waanze kwa kusimuliana. Mtoto anayeanza shule huku kwetu hadithi zake anazo kwa Kinyakyusa au Kikisi. Asimulie kwanza jinsi bibi alivyomsimulia, ndipo zitafutwe sentensi za Kiswahili. Akianza na Kiswahili kitupu, mara nyingi hunyamaza, nasi tukadhani hana la kusema.

Wakati na gharama

Kutoka Dar es Salaam hadi Kyela ni zaidi ya kilomita 900. Machi hadi Mei mvua ni kubwa na mito hufurika. Mgeni anaweza kukwama njiani. Mpunga ukianza kuiva, baadhi ya watoto huwa mashambani wakiamia ndege. Agosti na Septemba ni afadhali.

Kuhusu fedha, nawasihi wadau wenzangu tusijidanganye. Ni rahisi bajeti yote kuishia kwenye nauli, posho, chakula na picha za kumbukumbu. Pendekezo langu ni kwamba angalau nusu ya fedha inunue vitabu vitakavyobaki shuleni. Ikiwa haitoshi kwa yote mawili, tununue vitabu.

Na kama mwandishi hapatikani, usisubiri. Bibi anayejua hadithi za Kalulu ni mtunzi. Mfinyanzi wa Ikombe anaweza kuwaonyesha watoto jinsi nakshi inavyopangwa. Mwalimu mwenye mwandiko mzuri ataandika wanayosimulia, na watoto watachora.

Ufunguo uko kwa nani?

Nimewahi kufika shule moja nikaonyeshwa vitabu vya hadithi vizuri sana, vipya, vimepangwa kabatini. Vilikuwa vipya kwa sababu kabati lilikuwa limefungwa. Mwalimu hakuwa mvivu. Aliogopa kwamba kitabu kikipotea au kuchanika, yeye ndiye atakayedaiwa.

Shule ya namna hiyo ikileta mwandishi, watoto watafurahi siku moja na kesho yake watarudi kunakili ubaoni. Kwa hiyo, kabla ya kumwalika mgeni, kamati ya shule ikae na walimu na kuandika katika muhtasari mambo mawili: kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa si hasara ya mwalimu, na kwamba kila darasa lina siku yake ya kuazima.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu ni mtoto. Ukitaka kujua kama amepona, rudi shuleni baada ya miezi mitatu, uangalie kama vitabu vimeanza kuchakaa.