Kwa Nini Mwanga Hutangulia Sauti

Jioni moja hapa Temeke nilimwona fundi akipigilia misumari juu ya paa, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nyundo ilipotua sikusikia kitu. Mlio ulinifikia alipokwisha kuinua mkono tena. Nikastaajabu, nikamwuliza mwalimu wetu.

Alinieleza hivi. Kitu kigongwapo hutetemeka, nacho huisukuma hewa iliyo karibu, na hewa hiyo huisukuma ya mbele yake. Ni kama watu waliopanga mstari kituoni: wa nyuma akisukumwa, msukumo humfikia wa mbele, ingawa kila mmoja hubaki mahali pake. Msukumo huo ndio wimbi la sauti. Katika joto letu huenda mita 350 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 1 kwa sekunde 3. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde 1, basi hufika papo hapo.

Mama husimulia usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka Gongo la Mboto: mbingu iling'aa kwanza, kishindo kikafuata, madirisha yakatikisika. Aliyekuwa umbali wa kilomita 7 kilimfikia baada ya sekunde 20.

Ndugu wasomaji, elimu hii ina faida. Masika yajapo, mwonapo umeme, hesabuni sekunde mpaka ngurumo, kisha gawanyeni kwa 3. Hesabu isipofika 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Acheni mpira, msikimbilie chini ya mwembe, ingieni nyumbani upesi. Mpira utachezwa kesho.