Maumivu yameisha, lakini jino bado halijapona

Mama mmoja wa kwaya yetu hapa Kadutu aliumwa na gego kwa siku nyingi. Daktari wa meno alilisafisha mpaka kwenye mizizi, maumivu yakaisha, na Jumapili mama akasimama kutoa ushuhuda. Sote tulipiga makofi. Lakini hakurudi kwa daktari. Pesa ya kumalizia ilienda kwenye masomo ya watoto. Miezi michache baadaye, akitafuna muhindi wa kuchoma, jino likapasuka hadi mzizi. Likang'olewa.

Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa. Ikioza, daktari huiondoa, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza kwa kitu kinachofanana na mpira. Juu mara nyingi huweka kizibo cha muda, ambacho ni cha wiki chache tu. Kikilegea, mate na vijidudu hupenya tena. Na kwa kuwa mshipa umeondolewa, jino halituonyi mapema.

Tena jino hilo limekuwa dhaifu: uozo umekula sehemu yake, na daktari ametoboa ili afike ndani. Gego ndilo hubeba nguvu za kutafuna. Kwa hiyo lizibwe kwa kizibo cha kudumu, na mara nyingi livikwe kofia ngumu inayolifunika lote. Jino la mbele ambalo halijaharibika sana, mara nyingi kizibo kinalitosha.

Basi, tufanye hivi:

1. Siku ya kwanza, uliza bei ya kazi yote, pamoja na kizibo cha mwisho.
2. Rudi siku uliyopewa, hata kama huumwi. Kwa sasa, tafuna upande mwingine.
3. Kizibo kikitoka, usingoje maumivu. Rudi upesi.

Katika Luka 11 Yesu anasema juu ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa, kisha yule aliyefukuzwa akarudi na wengine wabaya zaidi. Kusafisha peke yake hakukuilinda nyumba ile.

Nami mchungaji nimejifunza. Mtu akishuhudia kwamba maumivu yameisha, tumshukuru Mungu pamoja naye, kisha tumuulize: “Kwa daktari umebakiza nini?” Na kama ni pesa, sadaka ya upendo ina kazi yake hapo.