Je, Wajua? Fimbo mbili za pool, uzito mmoja, mkono wakataa

Namba 18, 19 au 20 kwenye kitako cha fimbo ya pool huwa ni uzito kwa wakia. Wakia 19 ni kama gramu 540. Lakini shika fimbo mbili za 19, na moja inaweza kukulemea zaidi. Siri ni uzito umekaa wapi. Ilaze juu ya kidole kimoja, isogeze taratibu mpaka itulie bila kuinama. Hapo ndipo egemeo lake: kwa nyingi, ni karibu sentimita 45 hadi 50 kutoka kitakoni. Egemeo likiwa mbele zaidi, utaihisi ncha nzito, imetulia juu ya mkono wa mezani. Likirudi nyuma, ncha huwa nyepesi na, kwangu mimi, yenye kiherehere. Fimbo nyingi huficha skrubu ya chuma nyuma ya raba ya kitakoni. Ukiweka nzito zaidi, egemeo nalo linarudi nyuma.