Betri za vigari vya umeme zisiachwe bila chaji

KWA mtu mwenye ulemavu wa miguu anayeishi mahali kama Busi, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, kigari cha umeme ndiyo miguu yake. Betri zikifa, hubaki nyumbani hadi zipatikane nyingine.

Vigari vingi hutumia betri mbili za volti 12, zilizounganishwa kupata volti 24. Zote mbili hubadilishwa kwa pamoja, kwa sababu iliyochoka huidhoofisha mpya.

Betri ya gari, ijapokuwa hupatikana kwa urahisi, haifai. Hiyo hutoa umeme mwingi kwa muda mfupi ili kuwasha injini, ilhali ya kigari hutakiwa kutoa umeme wa wastani kwa saa nyingi. Mnunuzi aangalie pia tarehe ya kutengenezwa, kwani betri hupungua nguvu hata ikiwa dukani.

Betri ya risasi ikikaa bila chaji, salfeti huganda juu ya mabamba yake na uwezo wake hupungua moja kwa moja. Kwa hiyo ichajiwe kila baada ya safari, umeme unapokuwapo, na iwekwe kivulini, kwa kuwa joto hufupisha uhai wake.

Iliyokufa isivunjwe nyumbani: risasi ni sumu, hasa kwa watoto.