Je, mfugaji mdogo wa maziwa ataweza kupata faida? Mfano wa Guangzhou

Katika mji mkongwe wa Shawan, wilaya ya Panyu, kusini mwa jiji la Guangzhou nchini China, wapishi hugandisha maziwa kwa tangawizi. Maziwa yenye sukari hupashwa moto, huachwa yapoe kidogo, kisha humiminwa kwa mkupuo mmoja juu ya maji ya tangawizi yaliyokamuliwa muda uleule. Baada ya dakika chache bakuli huwa limeganda, na kijiko chaweza kuwekwa juu yake kisizame.

Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kilichomo ndani ya tangawizi, lakini maziwa mepesi hayagandi vizuri. Kwa mapokeo ya Shawan, maziwa yanayofaa ni ya nyati wa Asia, mnyama wa kufugwa ambaye zamani alilima mashamba ya mpunga ya eneo hilo. Maziwa yake huwa na mafuta ya takriban asilimia 7 hadi 8, karibu maradufu ya yale ya ng'ombe weusi na weupe wanaofugwa kwenye mashamba makubwa.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki huijua Guangzhou kwa nguo, simu na vipuri. Hata hivyo, bakuli hilo la maziwa linagusa swali linaloulizwa pia Kiambu, Tanga na Mbarara: je, mwenye wanyama wachache ataweza kuishi kwa maziwa katika miaka ijayo?

Mwaka uliobadili mambo

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, sehemu kubwa ya maziwa ya China ilitoka kwa wakulima wenye ng'ombe wachache. Waliyapeleka kwenye vituo vya kukusanyia, na kutoka huko madalali waliyafikisha viwandani. Bei ilikuwa ndogo, na kishawishi cha kuongeza maji kilikuwa kikubwa.

Maji hupunguza protini. Viwanda vilipima protini kwa kuhesabu naitrojeni, kwa hiyo baadhi ya wahalifu waligundua kwamba wakitia melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, kipimo kingedanganyika. Mwaka 2008 udanganyifu huo ulifichuka. Watoto wachanga 6 walifariki dunia na wengine wapatao 300,000 waliugua. Kampuni ya Sanlu ya mkoa wa Hebei, iliyokuwa kitovu cha kashfa hiyo, ilifilisika, na mwaka 2009 watu wawili waliuawa kwa hukumu ya kifo kwa kuhusika.

Waswahili husema samaki mmoja akioza, huoza wote. Wafugaji ambao hawakuwahi hata kuiona kemikali hiyo walijikuta hawana mnunuzi. Oktoba 2008 serikali ilitoa kanuni mpya zilizovitaka vituo vya kukusanyia maziwa kuwa na leseni, na sera ikaelekea kwenye mashamba makubwa, ambayo ni rahisi kukaguliwa. Mwaka 2008 chini ya moja ya tano ya ng'ombe wa maziwa wa China walikuwa katika mashamba yenye ng'ombe 100 au zaidi. Kufikia mwaka 2023 walikuwa takriban robo tatu.

Umbali kama kinga

Kwa wafugaji wa Guangzhou mabadiliko mengine yalikuwa yametangulia. Kampuni kubwa kabisa za maziwa za China, Yili na Mengniu, zina makao yake Hohhot, katika nyanda za kaskazini zenye baridi, umbali wa takriban kilomita 2,000. Zamani umbali huo ulimlinda mfugaji wa kusini, kwani maziwa yangeharibika njiani. Kinga hiyo iliondoka pale yalipoenea maziwa ya paketi, yanayochemshwa kwa joto kali mno kwa sekunde chache na kudumu miezi kadhaa bila jokofu.

Kusini joto na unyevu humchosha ng'ombe na kupunguza maziwa yake, na ardhi ni ghali. Panyu, iliyofanywa kuwa wilaya ya Guangzhou mwaka 2000, imejengwa majumba na barabara mahali ambapo palikuwa na mpunga na malisho. Mfugaji wa hapo akishindana na kaskazini kwa bei ya lita, atashindwa.

Ushindani unaowezekana ni wa kile ambacho paketi haiwezi kukibeba. Viwanda vya jijini Guangzhou kama Fengxing na Yantang vimejijengea jina kwa maziwa mabichi yaliyochemshwa kwa joto la wastani, ambayo sharti yakae kwenye baridi na kunywewa katika siku chache. Nyati naye ana soko lake: mikahawa ya Shawan, na ile ya mji jirani wa Shunde unaosifika kwa maziwa yenye ngozi mbili, hutafuta mafuta mengi na iko tayari kuyalipia.

Njia hiyo nayo ina mipaka. Nyati wa asili hutoa maziwa mara kadhaa pungufu ya ng'ombe wa kisasa, ndiyo maana China iliagiza nyati wa Murrah kutoka India mwaka 1957 na wa Nili-Ravi kutoka Pakistan mwaka 1974 ili kuboresha mbegu. Tena, bei inapokuwa nzuri, huzuka kishawishi cha kuchanganya maziwa ya nyati na ya ng'ombe. Bila vipimo vinavyoaminika, thamani ya jina hupotea.

Hata wakubwa huumia

Wengi hudhani kwamba ukubwa ni dawa ya hasara. Hali ya China ya hivi karibuni haithibitishi hivyo. Bei ya maziwa shambani, iliyopita yuani 4 kwa kilo mwaka 2021, ilishuka hadi karibu yuani 3 mwaka 2025. Mashamba yalikuwa yameongeza mifugo kwa kasi wakati watoto wanaozaliwa walikuwa wakipungua, kutoka zaidi ya milioni 17 mwaka 2016 hadi karibu milioni 9 mwaka 2023. Kampuni ya Modern Dairy, miongoni mwa wafugaji wakubwa wa nchi hiyo, ilipata hasara mwaka 2024.

Shamba kubwa hununua chakula cha mifugo na hulipa mikopo ya mabanda na mitambo. Bei ikianguka, gharama hizo hazianguki nayo. Mfugaji mdogo anayekata majani yake mwenyewe ana unafuu hapo, ingawa unafuu huo hupungua kila anapolazimika kununua mashudu na pumba.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Nchini Kenya, tofauti na China, wafugaji wadogo bado ndio wanaotoa sehemu kubwa ya maziwa. Lakini nao wamewahi kuumia. Soko lilipofunguliwa mwaka 1992, shirika la KCC lililokuwa limelihodhi lilidhoofika na hatimaye kuanguka, likiwaacha wafugaji wakidai malipo yao, hadi serikali ilipolifufua kwa jina la New KCC mwaka 2003.

Katika mazingira hayohayo, chama cha ushirika cha Githunguri katika Kiambu, kilichoanzishwa mwaka 1961, kilijenga kiwanda chake na kuanza kusindika maziwa mwaka 2004. Wanachama wake ni wafugaji wadogo, lakini dukani husimama kama mfanyabiashara mkubwa. Huko Tanga, Tanzania, kiwanda cha Tanga Fresh kilichozaliwa miaka ya 1990 kwa ubia na ushirika wa wafugaji kimelifanya jina lake lijulikane kwa mtindi.

Mifano ya China na ya Afrika Mashariki inakutana katika mambo matatu. Faida ya mfugaji mdogo hutegemea kulipwa kwa ubora wa maziwa, hususan mafuta na usafi, badala ya lita peke yake. Hutegemea pia kuuza karibu, bidhaa ambayo maziwa ya unga na ya paketi kutoka mbali hayawezi kuiga kwa urahisi, iwe ni mtindi, samli au maziwa mabichi ya siku hiyo. Na zaidi ya yote, hutegemea kipimo cha ubora kisichokuwa mikononi mwa dalali.

Katika vituo vingi vya vijijini, maziwa ya wafugaji kadhaa humiminwa katika tangi moja. Wakiyapima kabla hayajachanganywa, aliyetia maji atajulikana na wenzake wataendelea kulipwa. Wasipoyapima, kosa la mmoja litakuwa la wote, kama ilivyotokea China mwaka 2008, na watakaoondoka sokoni kwanza ni wenye ng'ombe wawili au watatu.